Kitufe cha Kukimbia: Je, Aliyebadilisha Mchezo Bado Anacheza?

Niligundua kwamba Kipa ananihurumia siku beki wake aliposimama. Ilikuwa dakika ya 83, tumefungana mabao 2 kwa 2, na winga wangu alikuwa ameuchukua mpira upande wa kulia. Beki yeyote anayeongozwa na mtu aliye macho angemfuata. Yule alisimama kama mlingoti wa bendera, akaniacha nipite, nikafunga. Kipa akapiga kelele za masikitiko, akajishika kichwa na kusema, "Leo umenipata, dada." Kelele zenyewe zilichelewa kidogo, kama za mwigizaji aliyesahau zamu yake.

Tulikuwa katika ukumbi mmoja wa michezo ya video huko Wandegeya, Kampala: chumba chenye pazia mlangoni, televisheni nne, mabenchi ya mbao, na harufu ya rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ikiingia kutoka barabarani. Mechi moja ni shilingi 500, na desturi ya pale ni kwamba aliyefungwa ndiye anayelipa. Usiku ule, nikiwa kitandani, nilianza kuhesabu mechi nilizoshinda katika wiki tatu zilizotangulia. Zilikuwa 14. Nikakumbuka mabeki waliosimama, mikwaju ya penalti iliyopaa juu ya goli, pasi za ajabu zilizonijia mguuni mwangu. Kipa, ambaye ni mtoto wa mama muuza mkaa na hula mara moja kwa siku ifikapo mwisho wa mwezi, alikuwa amelipa shilingi 7,000 za kunihurumia.

Nilikasirika kuliko ningekasirika kama angeniibia kiasi hicho. Insha hii imetoka katika hasira ile. Mwalimu alipotutaka tuandike juu ya suala lolote la kimaadili, wenzangu walichagua rushwa, ndoa za utotoni na mazingira. Mimi nimechagua kitufe cha kukimbia. Swali langu ni hili: ikiwa mwili hauniruhusu kucheza kama wengine, ni mabadiliko yapi ya mchezo ninayoweza kuyafanya nikabaki mchezaji, na ni yapi yanayouua mchezo hata kama yananipa ushindi?

(Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kufungua insha kwa methali. Ile ya kidole kimoja kutovunja chawa nimeikwepa kwa sababu zitakazoonekana.)

Nina baridi yabisi ya viungo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu vinavyotoka nje, hugeuka na kuushambulia utando ulio ndani ya viungo. Viungo huvimba, hupata joto, na asubuhi hukakamaa kama bawaba zenye kutu. Watu hudhani ni ugonjwa wa wazee, na kila mtu ninayemweleza ana bibi aliyekuwa nao. Lakini aina hii yaweza kuanza katika umri wowote, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Kwangu ilianza katika vifundo vya vidole vya mikono yote miwili nilipokuwa na miaka 19. Nameza dawa mara moja kwa juma, kila Jumapili, na dawa inasaidia, ila kusaidia si kuponya. Kuna wiki ambazo nasahau kwamba nina vidole, na nadhani huo ndio uzima wenyewe, kusahau. Kuna wiki nyingine ambazo kufungua chupa ya maji ni shughuli ya kupangiwa ratiba.

Maumivu ya kawaida ni habari. Ukiungua unaondoa mkono, na habari imefanya kazi yake. Maumivu sugu ni habari inayoendelea kutangazwa baada ya kila mtu kuisikia. Huwezi kuitii kila mara, maana ukiitii kila mara hutafanya lolote. Huwezi pia kuipuuza kila mara, maana siku nyingine inasema kweli. Sehemu kubwa ya kuishi na ugonjwa huu ni kukisia: leo je, kiungo kinalalamika tu au kinanionya?

Sasa fikiria padi ya kuchezea. Vidole gumba viwili juu ya vijiti viwili, vidole vya shahada nyuma kwenye vitufe vya mabega, na kiganja kimekunjwa muda wote. Katika mchezo wa mpira wa miguu, kubonyeza si tatizo kubwa. Tatizo ni kushikilia. Kitufe cha kukimbia kiko nyuma upande wa kulia, na mchezaji wako hukimbia kwa muda ule tu ambao kidole chako cha shahada kimekibana. Mpira wa siku hizi ni mbio, kwa hiyo kidole hubana karibu mechi nzima. Baada ya dakika kumi kifundo changu cha kulia kilikuwa kinawaka, na baada ya mechi mbili nilikuwa siwezi kushika kalamu mpaka kesho yake.

Sikumwambia mtu kwa miezi minane. Sababu yake si ya kujivunia. Nilipoanza kwenda ukumbini nilikuwa msichana pekee, na wiki za mwanzo waliniuliza kama namsubiri mtu. Nafasi yangu kwenye benchi niliipata kwa kuwafunga. Niliona kwamba nikisema vidole vinauma, hawatasikia ugonjwa, watasikia msichana. Basi nikawa na mtihani kesho, nikawa na wageni, nikawa sina nauli. Nilisema uongo mwingi kuulinda ukweli mdogo. Kipa, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu hudakia timu ya bweni na macho yake hayakosi kitu, aliniona siku moja nikiinua chupa ya soda kwa viganja viwili kama mtoto anayeshika kikombe. Hakusema neno. Kuanzia siku ile mabeki wake wakaanza kusimama.

Alinikosea nini? Alinipa ushindi, alinilipia, alinitunzia siri, tena bila kujisifu. Ukipima kwa nia, amefanya wema. Lakini nilipokwenda kumkabili kesho yake, neno lililonitoka lilikuwa "umeniibia", na nimelifikiria sana neno hilo tangu hapo. Aliniibia mpinzani. Wakati mimi nilikuwa nacheza mpira, yeye alikuwa anacheza mchezo mwingine kabisa, mchezo wa kumfurahisha mgonjwa, na katika mchezo ule mimi sikuwa mchezaji. Nilikuwa mpira.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Jjajja, babu yangu mzaa mama, na ubao wake wa omweso. Msomaji wa pwani anayejua bao ataujua omweso akiuona: safu nne, mashimo 32, kete 64, ingawa kanuni zetu za kula ni tofauti. Jjajja alicheza chini ya mti wa mwembe kila jioni na jirani yake, mzee mwenye maneno makali. Mwishoni mwa maisha yake mikono ilikuwa inatetemeka, na kete zilimdondoka, zikichanganyika na za mashimo mengine, mchezo ukavurugika. Suluhisho lao lilikuwa mimi. Jjajja alinionyesha shimo kwa fimbo, nami nikazoa kete na kuzipanda moja moja mpaka ya mwisho. Nilikuwa na miaka minane na sikuelewa mchezo hata nusu. Hakuna aliyesema kwamba jirani anacheza na mtoto. Wala yule jirani hakumpunguzia kitu. Alimfunga Jjajja bila aibu, akamcheka mpaka mbavu zikamuuma, na Jjajja akaenda kulala na hasira yake akipanga kisasi cha kesho.

Kwa Jjajja mkono ulibadilishwa, tena mkono mzima wa mtu mwingine ukawekwa mahali pa wake, na mchezo ukabaki salama. Kwangu mimi hakuna kilichobadilishwa, vitufe ni vilevile, kasi ni ileile, na mchezo ukatoweka. Kwa hiyo tofauti haiko katika ukubwa wa mabadiliko. Iko wapi?

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alitoa maelezo ya mchezo ambayo wasomi bado wanayabishania. Kwa maneno yangu mimi: kucheza ni kuvikubali kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima, kwa sababu bila vikwazo hivyo shughuli yenyewe haipo. Kama haja ya mcheza gofu ingekuwa tu mpira uingie shimoni, angeubeba mkononi akautumbukiza. Anatumia fimbo, kutoka mbali, kwa sababu anataka kupitia ugumu ule.

Nilipoyasoma maelezo hayo niliona kwamba kila nikikaa kwenye benchi lile nina vikwazo vya aina mbili mbele yangu. Kuna beki wa Kipa, na kuna kifundo cha kidole changu. Kikwazo cha kwanza nilikifuata mwenyewe. Nimepanda boda boda na kulipa pesa ili nikutane nacho. Cha pili kimenifuata kutoka nyumbani. Hakuna aliyekiweka kwenye mchezo, hakimo katika kanuni, na Kipa akinishinda kwa sababu yake hajapata alichokuja kukitafuta. Nikikiondoa kikwazo cha pili, au nikikipunguza, mchezo haujapungukiwa kitu. Kipa alipoondoa kile cha kwanza ndipo kila kitu kilipoondoka.

Laiti ingeishia hapo, ningekuwa na insha fupi na safi. Lakini Kipa, ambaye anasoma sheria na hapendi kushindwa hata katika mazungumzo, aliniuliza swali ambalo limenisumbua tangu siku ile. "Na mimi je?" alisema. "Mimi nikifungwa mapema nachanganyikiwa, mikono inatoka jasho, natoa pasi za kijinga. Huo nao ni mwili wangu, umenifuata kutoka nyumbani. Utanipunguzia nini?" Nikamjibu kwamba utulivu wa moyo ni sehemu ya yale tunayoshindania. Akasema, "Sawa. Na kasi ya vidole siyo?"

Ndiye aliyenionyesha kesi ya Casey Martin. Martin alikuwa mcheza gofu wa kulipwa wa Marekani, aliyezaliwa na ugonjwa wa mzunguko wa damu katika mguu wa kulia. Kutembea uwanja mzima kulimtesa na kuuhatarisha mguu, hivyo akaomba apande kigari. PGA Tour, waandaaji wa mashindano, walikataa wakisema kwamba kutembea ni sehemu ya shindano, maana uchovu nao ni mtihani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2001 majaji 7 dhidi ya 2 waliamua kwamba apewe kigari. Walisema kiini cha gofu ni kupiga mpira, si kutembea. Tena ilikwisha kuonekana mahakamani kwamba Martin, hata akiwa ndani ya kigari, alichoka kuliko wenzake waliotembea. Jaji Antonin Scalia alipinga vikali. Kwake yeye, kanuni za mchezo wowote zimebuniwa tu, na hakuna jaji anayeweza kuzitazama akasema hii ni kiini na ile ni pambo.

Mara ya kwanza nilipoelezwa hoja hiyo nilimchukia Scalia. Baadaye nimeona kwamba nusu ya hoja yake ni ya kweli. Ukiusimamisha mchezo mezani na kuuchunguza kutoka nje, hutaona popote pameandikwa kwamba kasi ya vidole ni kiini au si kiini. Lakini haitoki hapo kwamba hakuna jibu. Jirani wa Jjajja hakuhitaji mahakama. Alijua kwamba wanachoshindania ni kuhesabu kete na kuona mbali, si kuzishika, na kama kungekuwa na shaka, walikuwa wawili pale chini ya mwembe na wangeulizana. Kiini cha mchezo kiko kwa wanaoucheza, katika lile wanalotaka kulijua wao kwa wao: nani kati yetu ni bora, na katika nini? Kwa sababu kiko kwao, hakiwezi kubadilishwa na mmoja kwa siri, hata kwa upendo.

Basi tukakaa, mimi na Kipa, tukaulizana. Ilituchukua jioni nzima na rolex mbili.

Mambo mengine hayakuhitaji hata mjadala. Nimehamisha kitufe cha kukimbia. Mashine yenyewe, katika mipangilio yake, inaruhusu vitufe kubadilishana kazi. Kukimbia nikakuhamishia mkono wa kushoto ambao una nafuu. Kipa hakupoteza chochote. Ninaweka mto mdogo mapajani na kuilaza padi juu yake, ili vidole vibonyeze bila kubeba. Siji asubuhi, wakati viungo vimekakamaa. Nakuja jioni, baada ya kuloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto. Nacheza mechi mbili tu, hata nikiwa nashinda, na hasa nikiwa nashinda. Mwenye ukumbi alinung'unika juu ya vitufe, na ana haki, kwani siku ya kwanza nilisahau kuvirudisha mahali pake na kijana aliyenifuata akapiga shuti kila alipotaka kukimbia. Siku hizi ananikumbusha kwa sauti kila ninapoinuka. Ukumbi mzima wajua kwamba vitufe vyangu ni tofauti, na kile nilichokiogopa kwa miezi minane kilitokea kwa dakika tano hivi, vicheko viwili vitatu, kisha kikaisha.

Kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Mwaka 2018 Microsoft walitoa padi yenye vitufe viwili vikubwa kama sahani na matundu ya kuchomeka swichi nyingine kila mtu kulingana na mwili wake. Ilipotoka ilikuwa na bei ya karibu dola 100 za Marekani, bila swichi hizo. Naisifu kutoka mbali. Mto wangu ulishonwa na mama kwa kitenge kilichochanika.

Jambo gumu lilikuwa mwendo. Mchezo wenyewe una chaguo la kuupunguza mwendo wake: wa taratibu, wa kawaida, wa haraka. Kwa mwendo wa taratibu kidole changu hupata nafasi ya kupumua kati ya kitendo na kitendo. Lakini mwendo ni wa mechi nzima; ukipungua kwangu umepungua na kwa Kipa. Yeye nguvu yake kubwa ni wepesi. Huona kosa na kuliadhibu kabla hujalijua. Katika mwendo wa taratibu silaha hiyo hupoteza makali, na mimi ninayetegemea kusoma pasi mapema napata faida. Kwa hiyo siwezi kusema hapa, kama nilivyosema juu ya vitufe, kwamba haikumgharimu. Ilimgharimu kitu kilichokuwa chake kwa halali.

Alikubali. Nikamwuliza, kwa shari kidogo, kama hiyo si huruma ileile ya mabeki waliosimama. Alifikiri, kisha akasema kwamba kwenye mechi zile alikuwa anaamua yeye peke yake nani ashinde. Sasa tumeamua wote tucheze nini, na nani ashinde hajui. Sijapata namna bora ya kulisema. Kunipa mwendo wake ni zawadi, na zawadi huombwa au hutolewa hadharani, na anayeitoa anaweza kukataa. Baada ya kuitoa, anabaki huru kunifunga kwa nguvu zake zote ndani ya mchezo uliobaki. Bao la bure halina sifa hata moja kati ya hizo.

Jina la jambo nalo lina uzito wake. Kuna mchezo unaoitwa Celeste, wa mwaka 2018, ambao niliucheza kwenye kompyuta ya mwenzangu: msichana anapanda mlima, na kila hatua ni ya kuruka kwa usahihi wa ajabu. Waundaji waliweka sehemu ya mipangilio inayomruhusu mchezaji kupunguza mwendo mpaka nusu, au hata kujifanya asiweze kufa. Wakati mchezo ukitengenezwa sehemu hiyo iliitwa kwa jina la udanganyifu. Baadaye wakaona jina hilo linamhukumu mtu kabla hawajamjua, wakaliita msaada. Kazi ya kitufe haikubadilika. Mimi niliucheza kwa mwendo wa asilimia 70 na nilianguka mlimani mara mamia. Kama huo ni udanganyifu, ni udanganyifu uliofanywa na mtu asiyejua kudanganya.

Wahadhiri wangu mtakaosoma hapa mtakuwa mmekwisha kuona ninakoelekea. Kwa mihula mitatu niliandika mitihani ya saa tatu kwa mkono uleule, na katika nusu saa ya mwisho mwandiko wangu ulikuwa wa mtu mwingine. Kanuni inaniruhusu kuomba nyongeza ya muda. Sikuomba, kwa sababu niliiona kama bao la bure. Niliogopa kwamba nikipata alama nzuri nitajiuliza ni zangu au ni za zile dakika. Muhula huu nimeomba. Niliandika barua moja, nikaeleza, na nikajiuliza kwanza swali lilelile la ukumbini: hapa tunashindania nini? Mtihani wa fasihi unataka kujua kama nimeisoma tamthilia na kuielewa, na wepesi wa kalamu umeingia tu kwa sababu mlango wa chumba unafungwa saa sita. Katika somo la ukalimani ni tofauti. Huko kasi ni ufundi wenyewe. Mkalimani anayechelewa hajakalimani. Huko sikuomba kitu, na mdomo wangu, namshukuru Mungu, haujaguswa.

Kuna jambo moja ambalo hoja hizi zote hazilitibu, na sitaki lifichwe na furaha ya kujieleza. Zamani nilikuwa na chenga. Kwa kijiti cha kulia, ukikizungusha nusu duara kwa haraka na kumalizia kwa kukisukuma mbele, mchezaji wako huuvuta mpira, huugeuza mwili, na beki hubaki akitazama nyasi. Ilinichukua likizo nzima kujifunza. Ukumbi ulikuwa ukilipuka. Sasa kidole gumba hakizunguki hivyo, na hakuna kitufe cha kuihamishia ile. Mechi zangu za sasa ni za pasi fupi na subira. Ni nzuri, baadhi ya siku nadhani ni nzuri kuliko zile, lakini ni mpira mwingine. Wanaosema kwamba mtu akijirekebisha hapotezi kitu hawajawahi kuwa na chenga.

Na liko shindano la Jumamosi. Kila mwezi ukumbi huandaa mashindano, watu 16, kila mmoja anatoa kiingilio, mshindi anachukua kapu. Mwendo ni wa kawaida. Vitufe vyangu wameniruhusu, mto pia. Mwendo sikuuomba, maana pale si wawili tunaoweza kukaa na rolex tukaulizana. Ni 16, na wengi wamekuja kwa ajili ya ule wepesi hasa. Kwa hiyo siingii. Sioni kwamba wamenikosea, na wakati huohuo kila Jumamosi hiyo ninapopita nje na kusikia kelele nyuma ya pazia, naongeza hatua.

Ijumaa iliyopita, mwendo wa taratibu, Kipa alinifunga mabao 3 kwa 1. Bao la tatu lilikuwa la kikatili: beki wangu aliteleza, kidole kikachelewa, naye hakungoja hata nukta. Alisimama juu ya benchi, akavua shati, akazunguka nalo mpaka kwa muuza rolex na kurudi, akitangaza jina langu na idadi ya mabao. Nililipa shilingi zangu 500. Mwenye ukumbi akapaza sauti, "Dada, vitufe!" nikarudi kuvirudisha mahali pake, kimoja kimoja, huku Kipa akinisimulia bao nililoliona kwa macho yangu.